Mkubwa wa Seli ni Nani?

Kitabu cha biolojia cha sekondari, kiwe cha Nairobi, cha Dodoma au cha Lubumbashi, hakikosi mchoro uleule: duara, ndani yake doa jeusi, na mshale unaoelekea kwenye kiini. Chini yake mwanafunzi huandika kwamba kiini ndicho kinachoongoza shughuli zote za seli. Anakariri, anapata alama zake, yanaishia hapo. Mchoro wenyewe sina ugomvi nao. Ninachogombana nacho ni ile sentensi, kwa sababu inamzoeza mtoto kuamini kwamba ukishamjua mkubwa umeshaijua kazi.

Kwa hiyo nimewaketisha watu wanne kwenye karatasi, mahali ambapo swali la nani mkubwa halipoi: Kasumbalesa, mpakani mwa Haut-Katanga na Zambia, kilomita 90 hivi kutoka Lubumbashi. Shaba na kobalti ya Katanga hupita hapa kwa malori kwenda Dar es Salaam, Durban na bandari nyingine, na siku mbaya foleni hunyooka kilomita kadhaa. Yupo Mwalimu wa biolojia aliyesomea Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Yupo Deklaran, mzee anayewaandalia wenye mizigo karatasi za forodha. Yupo Mama Muganga, muuguzi wa kituo cha afya. Na yupo Shoferi, Mtanzania wa Tunduma, ambaye lori lake limesimama na hana haraka kwa sababu hata akiwa nayo haitamsaidia. Wamekaa chini ya turubai la muuza kinywaji cha munkoyo. Watu hawa nimewabuni. Shaba, damu na mimea wanayobishania sikuibuni.

Deklaran: Mwalimu, mimi nimezeekea mpakani. Mkubwa si yule aliyekaa ofisini katikati ya nchi. Mkubwa ni anayeamua nini kiingie na nini kitoke. Gavana akisafiri wiki mbili, malori yatapita tu. Forodha ikifunga saa sita, soko la Lubumbashi linajua kabla jua halijazama. Na seli njo vile. Nimesoma daftari la binti yangu: utando unaoizunguka seli ni tabaka mbili za mafuta, unene wake nanomita 7 au 8. Panga tando 10,000 moja juu ya nyingine ndipo upate unene wa unywele. Lakini utoboe, uuache wazi, seli imekwisha.

Mwalimu: Na huo utando umetoka wapi, Papa? Nani ameuagiza?

Deklaran: Hajauagiza mtu! Hapo ndipo ninapokupata. Molekuli zake zina kichwa kinachopenda maji na mkia unaoyakimbia. Ukizitia ndani ya maji zinajipanga zenyewe, vichwa nje, mikia kwa ndani, mpaka zinafunga kipovu. Hakuna kiini kilichotoa amri. Halafu ndani ya utando huo kuna pampu. Inatoa sodiamu 3, inaingiza potasiamu 2, mchana na usiku, umelala au umeamka. Jens Skou wa Denmark aliieleza mwaka 1957 kutokana na neva za kaa, akaja kupewa Nobeli mwaka 1997. Kama sehemu moja ya tano ya nishati ya mwili uliopumzika inaliwa na pampu hizo, na wapo wanaosema ni zaidi. Sasa wewe niambie, bajeti kubwa hivyo hupewa mdogo?

Mama Muganga: Papa, umeeleza vizuri, ila mpaka wako si huo. Oksijeni haisimami kwa mtu. Hewa ya ukaa haisimami. Kileo cha bia hakisimami, kinapenya katikati ya mafuta na kuingia mpaka kwenye ubongo bila karatasi. Maji yamechimbiwa njia zake, na njia hizo Peter Agre alizitambua mwanzoni mwa miaka ya 1990. Zaidi ya hayo, protini za utando hazina kituo, zinaelea na kuhamahama ndani ya mafuta. Umeona wapi mpaka ambao ofisi zake zinatembea?

Deklaran: Hapa Kasumbalesa? Zinatembea sana, Mama.

Walicheka, na wacha wacheke. Lakini Mama Muganga amegusa kitu. Mfano wa forodha unafaa kwa sodiamu, kwa sukari, kwa madini. Kwa gesi haufai hata kidogo, na ni bahati yetu, maana seli ingelazimika kulipia kila molekuli ya oksijeni tusingefika mbali. Ninauacha mfano huo mikononi mwa Deklaran, ambaye hata hivyo hatauachia.

Mwalimu: Nimesikiliza. Sasa pampu ya Skou imetengenezwa na nini? Protini. Na protini huchakaa. Hukaa siku kadhaa, ikavunjwa, ikatengenezwa nyingine. Maelekezo ya kuitengeneza yako kwenye DNA. Ukiinyoosha DNA ya seli moja ya mtu inafika mita 2, na imekunjwa ndani ya kiini chenye upana wa mikromita 6 hivi. Humo kuna jeni za protini zipatazo 20,000. Jeni inanakiliwa kuwa RNA, RNA inatoka kwenye vitundu vya kiini, inafika kwenye ribosomu, protini inaungwa. Kiini kikinyamaza leo, forodha yako inaoza wiki ijayo.

Shoferi: Samahani, Mwalimu. Unataka kusema seli ya ini langu na seli ya jicho langu zina maelekezo yaleyale?

Mwalimu: Yaleyale, bwana shoferi. Kinachotofautiana ni yapi yanasomwa na yapi yamefungwa.

Deklaran: Na nani anasema yapi yasomwe? Insulini ikija na habari kwamba sukari imepanda, inaingia kwenye kiini? Haiingii. Inashika kipokezi juu ya utando, na utando ndio unaopeleka habari ndani.

Mwalimu: Kortisoli je? Hiyo inapita utando wako kama haupo, inashikana na kipokezi chake humo ndani, na pamoja vinakwenda moja kwa moja kwenye DNA.

Shoferi: Kwa hiyo moja kwa moja.

Mama Muganga: Nyinyi wawili mnarushiana mpira, na mimi nina watoto wodini. Mwalimu, nikupe wa kwako kwanza. Mtoto wa SS, yule mwenye ugonjwa wa seli mundu. Kosa lake ni herufi moja tu ya DNA. Moja! Kwa sababu ya hiyo, kwenye nafasi ya sita ya mnyororo wa beta wa hemoglobini, asidi amino moja imekaa mahali pa nyingine, valini badala ya glutamiki. Vernon Ingram aliionyesha miaka ya 1950. Mwezi wa sita baridi ya Katanga inapoingia usiku, mama anamleta mtoto analia mifupa. Ndani ya mishipa midogo oksijeni imepungua, hemoglobini zimeshikana zikawa nyuzi ngumu, seli iliyokuwa duara laini imejikunja kama mundu. Inakwama. Nyuma yake nyingine zinakwama. Seli nyekundu ya kawaida huishi siku 120. Hizo huishi 10 au 20. Mtoto hana damu, macho ya manjano, na bado kuna watu wanaombea nyumba yake wakidhani amerogwa.

Mwalimu: Umesikia, Papa? Herufi moja kwenye kiini.

Mama Muganga: Ngoja, sijamaliza. Seli iliyojikunja ina kiini?

Mwalimu alinyamaza kidogo. Anajua jibu, amelifundisha.

Mwalimu: Haina. Seli nyekundu hukitupa kiini chake ndani ya uboho wa mifupa, kabla haijatoka kuingia kwenye damu. Hata mitokondria hutupa.

Mama Muganga: Asante. Kwa hiyo mwilini mwako kundi kubwa kuliko yote la seli, linalobeba karibu oksijeni yako yote, halina huyo mkubwa wako. Halina DNA. Kila seli ina molekuli za hemoglobini kama milioni 270, ina utando, ina pampu, inachoma sukari bila oksijeni ili pampu zisisimame, inajipenyeza kwenye mishipa myembamba kuliko yenyewe, miezi minne. Miezi minne bila gavana, Papa Deklaran.

Deklaran: Nilikuwa nafika huko, Mama umenitangulia.

Mwalimu: Lakini ilijengwa na seli iliyokuwa na kiini. Na kwa sababu haina kiini, haijirekebishi. Protini ikiharibika imeharibika. Ndiyo maana inakufa siku ya 120, na uboho unalazimika kutoa nyingine zaidi ya milioni 2 kila sekunde. Mnaita hayo maisha, mimi naita kuchakaa polepole.

Mama Muganga: Hata wewe unachakaa polepole.

Hapa niingilie. Wote wawili wana haki, na anayetaka mshindi atakosa. Seli nyekundu inathibitisha kwamba kazi ya siku kwa siku, yaani kupitisha, kusukuma, kuchoma, kushika na kuachia, inaweza kwenda bila kiini. Inathibitisha pia kwamba kazi hiyo haiwezi kujifufua. Na kuna ushahidi mwingine ambao Mama Muganga anauona kila msimu wa mvua: kimelea cha malaria. Plasmodium hupenda seli hiyohiyo isiyo na kiini, na sababu mojawapo haifurahishi. Seli nyingi za mwili zikivamiwa huonyesha vipande vya mvamizi juu ya utando wao ili kinga ije iziue. Seli nyekundu haina kiini cha kuendelea kutengeneza vibao hivyo vya kuonyeshea, kwa hiyo kimelea hukaa humo kimya, kinakula hemoglobini, kisha kinapeleka protini zake kwenye utando wa mwenye nyumba, vishikio vinavyoigandisha seli kwenye kuta za mishipa isije ikapitishwa kwenye bandama na kuchujwa. Mgeni ameteka utando, na hakuna kiini cha kupinga. Anthony Allison, mwanasayansi aliyekulia Kenya, alichapisha mwaka 1954 kwamba watu wenye jeni moja tu ya mundu, hao tunaowaita AS, wanakingwa na malaria kali. Moja ya maelezo ya siku hizi ni kwamba ndani ya seli za AS kimelea hushindwa kuvijenga vishikio vile vizuri. Kongo ni mojawapo ya nchi tatu ambako watoto wengi zaidi wa SS huzaliwa, pamoja na Nigeria na India. Herufi ile ya kwenye kiini imehifadhiwa vizazi na vizazi na ugomvi unaotokea kwenye utando.

Shoferi: Mimi swali langu ni jingine. Nimebeba kathodi za shaba, mabamba matupu, wanasema shaba yake ni asilimia 99.99. Nashika, naosha mikono, nakula. Hii shaba inaingia mwilini? Nikiulizwa na mke wangu nimjibu nini?

Mwalimu: Mwambie ilikuwamo hata kabla hujaendesha lori. Mwili wa mtu mzima una shaba kama miligramu 100, na kila siku unahitaji karibu miligramu moja, inayotoka kwenye maharage, karanga, ini, uyoga. Umepakia tani ngapi?

Shoferi: Thelathini.

Mwalimu: Basi una shaba ya watu milioni 300.

Shoferi: Nikianguka nayo Tunduma nitakuwa nimemwaga bara zima.

Mama Muganga: Lakini hiyo miligramu moja si rafiki. Shaba ni hodari wa kutoa na kupokea elektroni. Iachie huru ndani ya seli penye oksijeni, inazaa kemikali kali zinazounguza mafuta ya utando na kukata DNA. Kiini na utando vyote viwili vinaungua, kwa hiyo ubishi wenu unaishia hapo.

Deklaran: Sasa mbona tunaila?

Mwalimu: Kwa sababu hiyohiyo. Kimeng'enya cha mwisho cha kupumua kwa seli, ndani ya mitokondria, kina atomi tatu za shaba. Hapo ndipo elektroni za chakula hukabidhiwa oksijeni, na sehemu kubwa kabisa ya oksijeni ambayo mwili unaitumia inaishia hapo. Tabia inayounguza ndiyo tabia inayotuwezesha kupumua. Ni suala la nani ameishika.

Kama kungekuwa na jambo moja tu la kumwachia msomaji, lingekuwa hili. Kwenye utando kuna mlango wa shaba; ikishaingia haiachiwi izurure. Hupokelewa na protini ndogo zinazoisindikiza, kila moja na safari yake: moja huipeleka kwenye mitokondria, moja kwa kimeng'enya kinachozima zile kemikali kali, moja kwenye pampu ya kuitoa. Inayobaki hufungwa ndani ya protini nyingine zenye salfa nyingi. Mwaka 1999 Thomas O'Halloran na Valeria Culotta, na wenzao nchini Marekani, walipiga hesabu kwenye hamira, kile kiumbe cha seli moja kinachoumua mkate na kuchachusha pombe. Waliona kwamba shaba iliyo huru ndani ya seli ni chini ya atomi moja kwa seli nzima. Seli imejaa shaba, na hakuna hata chembe moja isiyo na msindikizaji.

Deklaran, bila shaka, alipiga meza.

Deklaran: Si nilisema! Lori la hatari halipiti bila escorte! Kila tani ina mtu na karatasi.

Mama Muganga: Na huyo msindikizaji akikosekana, Papa, unamjua anayelipa? Kuna ugonjwa alioueleza Samuel Kinnier Wilson mwaka 1912. Pampu inayotakiwa kuitoa shaba kwenye seli za ini na kuimwaga kwenye nyongo imezaliwa mbovu. Shaba inajaa ini, inahamia ubongo. Kijana anaanza kutetemeka mikono, kusema kwa taabu, tabia zinabadilika. Ukimulika jicho, ukingoni mwa ile sehemu ya rangi unaona duara la kahawia. Mtu huyo hajawahi kukanyaga mgodi. Shaba ni ileile ya maharage.

Mwalimu: Na pampu ni mbovu kwa sababu jeni ni mbovu. Kiini.

Mama Muganga: Na jeni ni mbovu, lakini kinachomuua ni shaba kukosa njia ya kutoka. Utando. Tutaendelea hivi mpaka usiku.

Shoferi: Hiyo mitokondria mbona hakuna anayeitetea?

Swali zuri kuliko yote, na aliyeliuliza ndiye asiyekuwa na upande. Mitokondria ina DNA yake, ndogo, herufi 16,569 na jeni 37, nayo huirithi mtu kwa mama peke yake. Kile kimeng'enya chenye shaba kimeunganishwa kwa vipande vya pande mbili: vitatu vikubwa vimeandikwa kwenye DNA ya mitokondria, na atomi zote tatu za shaba zimekaa kwenye viwili kati ya hivyo, vilivyobaki vimeandikwa kwenye kiini na kuingizwa kutoka nje. Upande mmoja ukikosea, hakuna kupumua. Sasa tuambieni mkubwa ni nani hapo. Na mwaka 2022 Peter Tsvetkov na wenzake walieleza kwenye jarida la Science namna ya kufa ambayo vitabu havikuwa nayo: shaba ikizidi, hunasa protini fulani za mitokondria, protini hizo hugandamana, seli inakufa. Zinazokufa haraka ni zile zinazotegemea sana mitokondria. Zinazochoma sukari bila oksijeni zinapona.

Deklaran: Mwalimu, na lile ua? Babu yangu alikuwa akisema penye ua la shaba chimba, usiulize.

Mwalimu: *Haumaniastrum katangense*. Mmea mdogo, wa jamii ya mrehani, maua ya zambarau. Wachimbaji wamelifuata kweli, na wanaakiolojia wamelitumia kutafuta mahali ambapo wazee waliyeyusha shaba ya kutengeneza ile misalaba iliyotumika kama fedha, karne nyingi kabla kampuni ya migodi ya Union Minière haijaundwa mwaka 1906. Makaa na takataka za tanuru viliacha shaba ardhini, ua likaota juu yake. François Malaisse, aliyefundisha Lubumbashi miaka mingi, aliichambua mimea ya vilima hivyo pamoja na wenzake, na vipimo vya wakati ule vilionyesha kwamba majani ya ua hilo yamejaa shaba.

Deklaran: Linakula shaba.

Mwalimu: Ndivyo tulivyofundishwa. Baadaye watafiti wakaanza kuyaosha majani vizuri zaidi, wakaona sehemu ya ile shaba ilikuwa vumbi.

Shoferi: Vumbi tu? La barabarani?

Mwalimu: La kilimani, la mgodini. Halafu wakaliotesha kwenye maabara, ndani ya maji yenye shaba iliyopimwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kwamba linakua vizuri zaidi shaba ikiongezwa, tena kwa kiasi kinachodhuru mimea ya kawaida, lakini halijazi majani. Mimea ya namna hiyo kwa kawaida huizuia shaba mizizini, inaifunga kwenye kuta za seli na ndani ya vakuoli, ile mifuko mikubwa ya maji ya seli za mimea.

Deklaran: Mlangoni! Imezuiwa mlangoni!

Mwalimu: Imezuiwa, Papa, na mbegu zake zinajua kuzuia. Huko kujua kuko wapi? Mmea wa shambani ukiuhamishia kilimani unakufa. Tofauti ni ya kurithi. Imeandikwa.

Mama Muganga: Mmoja aniambie kwa nini linakua *vizuri zaidi* penye sumu.

Mwalimu hakuwa na jibu la mkato, na hapa namheshimu. Dhana mojawapo ni kwamba shaba ya udongo huwaua fangasi wanaoishambulia mizizi yake, hivyo ua linaishi pale ambapo maadui zake hawawezi. Kama ni kweli, basi nguvu ya ua hilo haimo kwenye kiini wala kwenye utando peke yake; imo kwenye kuvumilia jambo moja kuliko majirani. Vilima vya shaba vya Katanga vina aina zaidi ya 30 za mimea zisizoota popote pengine duniani, na vilima vingi tayari ni mashimo. Watu wa migodi watasema ua haliliwi. Ni kweli. Lakini maarifa ya kuishi na shaba yaliyokusanywa ndani ya seli hizo kwa maelfu ya miaka hayatakuwepo tena mahali pengine pa kuyasomea, na hapa nyumbani tunayahitaji: kwenye mtaa wa Penga-Penga, Lubumbashi, ulioko upande ambao upepo ulipeleka moshi wa kiwanda cha kuyeyusha shaba kilichoanza kazi mwaka 1911, ardhi ilibaki wazi kwa miongo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi walijaribu kupanda nyasi za asili hapo, wakichanganya udongo na chokaa na mboji. Chokaa hupunguza asidi ya udongo, shaba inapungua kuyeyuka, mizizi inapata nafuu. *Microchloa altera*, nyasi fupi ya vilima vya shaba, ilistahimili. Nyasi hiyo ilikuwa imeshajua.

Mama Muganga: Mmesema ua, mmesema nyasi. Vijana wanaochimba je? Wao seli zao zimejifunza lini?

Kimya kidogo, isipokuwa ile foleni.

Mama Muganga: Mwaka 2018 watafiti wa Lubumbashi na wa Leuven, wakiwamo Célestin Banza Lubaba Nkulu na Benoit Nemery, walichapisha walichopima Kasulo, Kolwezi, mtaa ambao watu walikuwa wakichimba kobalti chini ya nyumba zao. Watoto wa mtaa huo walikuwa na kobalti nyingi kwenye mkojo kuliko watoto wa mtaa wa jirani, na walikuwa na dalili za DNA kuungua kwa oksijeni. Mwaka 2020 wakaonyesha kwamba baba anayefanya kazi za migodini ana uwezekano mkubwa zaidi wa kupata mtoto mwenye kilema cha kuzaliwa. Kobalti mwili unaihitaji kidogo sana, ndani ya vitamini B12 tu. Haina wasindikizaji wa kutosha. Inaingia na vumbi, kupitia mapafu na chakula, na utando hauna njia ya kuikataa yote.

Deklaran: Kwa hiyo forodha imeshindwa.

Mama Muganga: Haikuwahi kujengwa kwa mzigo huo, Papa. Usiilaumu.

Mwalimu: Na madhara yanakwenda kwenye kiini.

Mama Muganga: Yanakwenda kwenye kiini, ndiyo. Hapo nakupa.

Hilo ndilo jambo pekee ambalo Mwalimu alishinda bila mabishano jioni hiyo, na hakulifurahia.

Shoferi: Sasa Jumatatu utawaandikia nini ubaoni?

Mwalimu: Mtihani wa Serikali bado unataka kiini kinachoongoza shughuli zote. Nikifundisha vingine, wao ndio watakaopoteza alama. Nitawaandikia sentensi hiyo. Kisha nitachora seli nyekundu pembeni na kuwaambia watafute kiini.

Deklaran: Na pampu! Uchore pampu.

Mama Muganga: Badala ya kuchora, niite. Nina darubini moja na kipimo cha Emmel. Unachukua tone la damu, unaliweka kati ya vioo viwili, unaziba kingo hewa isiingie, unasubiri. Oksijeni iliyobaki inakwisha, na mwenye jeni ya mundu, AS au SS, seli zake zinaanza kujikunja mbele ya macho yako, moja hapa, tatu pale. Hata mtoto asiyependa biolojia hasahau.

Mwalimu: Mbele ya darasa zima? Mtoto agundue yeye ni AS huku wenzake wanachungulia?

Mama Muganga: Basi si damu ya mtoto. Damu yangu. Mimi ni AS, najijua tangu nikiwa mwanafunzi wa uuguzi, na mume wangu tulipimana kabla ya harusi. Anayetaka kupimwa ya kwake atakuja kituoni, peke yake, na mlango utafungwa. Tena nitamwambia Emmel haitenganishi AS na SS. Kwa hilo kuna elektroforesi, na inapatikana Lubumbashi.

Shoferi: Bei gani?

Mama Muganga: Wewe una watoto?

Shoferi: Wawili. Mmoja anaugua mifupa kila baridi ikiingia, tunampaka mafuta ya nazi.

Mama Muganga: Hiyo foleni ya lori lako itasogea kesho saa ngapi?